Kutembelea Makumbusho ya Zimamoto Winnipeg: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huku Winnipeg, jimbo la Manitoba nchini Kanada, ardhi imeganda miezi mitano na jembe halina kazi, kwa hiyo mgeni wangu wa siku ya tatu humpa koti zito nikampeleka Maple Street kuona makumbusho ya zimamoto. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza njiani, mle ndani, na wakati mwingine usiku kwa simu wakisharudi makwao.

Makumbusho haya yako wapi hasa?

Namba 56 Maple Street, kaskazini kidogo ya katikati ya mji, mtaa wa Point Douglas. Kutoka ile njia panda maarufu ya Portage na Main haizidi kilomita mbili. Shuka na Main Street kuelekea kaskazini hadi Higgins, kisha pinda kulia. Alama ya kukuongoza ni jengo kubwa la zamani la stesheni ya reli ya Canadian Pacific. Ukiliona, umefika karibu.

Kiangazi unaweza kutembea kwa miguu. Januari usijaribu ushujaa huo. Chukua basi au teksi.

Hufunguliwa lini? Kiingilio ni kiasi gani?

Usiende kwa kubahatisha. Haya si makumbusho ya serikali yenye wafanyakazi wa kudumu na mgahawa. Yanaendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wazimamoto waliostaafu au walio bado kazini. Siku ya wazi imezoeleka kuwa Jumapili, lakini piga simu kwanza uhakikishe, hasa wiki za sikukuu na siku za dhoruba ya theluji. Kikundi cha shule, cha kanisa au cha msikiti wapange mapema.

Makumbusho madogo ya namna hii huishi kwa michango. Beba dola chache taslimu, hata kama umeambiwa huhitaji.

Mimi si shabiki wa magari. Nitaona nini kingine?

Magari yapo, tena mekundu na yamepigwa msasa na rangi hadi yanang'aa kuliko siku yalipotoka kiwandani. Zipo kofia, makoti, kengele, mipira ya maji, picha za watu wenye masharubu mazito waliosimama mbele ya majengo yanayotoa moshi. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ni jengo lenyewe. Hiki kilikuwa Kituo Namba 3 cha zimamoto, kilichojengwa mwaka 1904, na kilifanya kazi hadi mwaka 1990. Miaka 86. Watu walilala humo, wakala humo, wakakimbia humo usiku wa manane wakivaa suruali njiani.

Mimi humwambia mgeni: kabla hujatazama chochote, simama katikati ya sakafu ya chini utazame juu, kisha ugeuke utazame milango. Kila kipimo cha jengo hili kina sababu. Milango mikubwa ya mbele ni kwa ajili ya farasi na gari kutoka kwa pamoja. Ghorofa ya juu ni ya watu kulala. Na mnara ule, tutaufikia.

Mji wa baridi kiasi hiki uliunguaje?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu wa pwani huuliza, na jibu lake ndilo linalofanya safari iwe na maana. Uliungua kwa sababu ya baridi.

Fikiria nyumba za mbao zilizojengwa haraka haraka. Mwaka 1901 Winnipeg ilikuwa na watu kama 42,000. Mwaka 1911 walikuwa zaidi ya 136,000. Treni ilikuwa ikiwashusha wahamiaji pale Higgins, hatua chache tu kutoka kituo hiki, na kila familia ilihitaji paa kabla ya theluji. Ndani ya kila paa, jiko la kuni au makaa linalowaka mchana na usiku kwa miezi sita, bomba la moshi limepita karibu na dari la mbao. Halijoto ya usiku Januari hushuka wastani wa nyuzi 20 chini ya sifuri, na tarehe 24 Desemba 1879 mji ulishuka hadi karibu nyuzi 48 chini ya sifuri. Usiku wa namna hiyo hakuna anayeuambia moto "tosha." Anaongeza gogo. Bomba linakuwa jekundu, masizi yaliyoganda ndani yanashika, na kabla hujaamka dari linawaka.

Sasa ongeza maghala. Mji huu ulikuwa lango la uwanda mzima wa magharibi: vitambaa, vyuma, mbegu, viatu, vyote vilishushwa hapa na kugawiwa kwa reli. Maghala ya matofali ya ghorofa tano na sita yalibanana ubavu kwa ubavu, nje matofali, ndani nguzo na sakafu za mbao, na bidhaa hadi darini. Mengi yangali yamesimama mpaka leo katika mtaa wa Exchange District.

Na maji hayakuganda kwenye mipira?

Yaliganda. Yanaganda hata leo.

Nilipokuwa mdogo, moto ulipowaka mtaani tulilia maji hayapo: mfereji umekatwa, kisima kiko mbali, gari limefika na tangi tupu. Nilipofika huku nikakuta kilio kingine kabisa. Maji yapo tele, lakini yanageuka jiwe mkononi mwako.

Tuanze na yale mabomba mafupi ya rangi kando ya barabara, haidranti. Huku ndani yake huwa hamna maji. Bomba kuu limezikwa zaidi ya mita mbili chini, mahali ambapo ubaridi wa msimu haufiki, na koki yenyewe iko huko huko chini. Mzimamoto anazungusha nati ya juu, fimbo ndefu inafungua koki ya chini, maji yanapanda. Akimaliza, anafunga, na maji yaliyobaki kwenye shina yanachuruzika kurudi ardhini. Yakibaki, yanaganda, na moto unaofuata utakuta haidranti imekuwa nguzo ya mapambo.

Kisha mpira. Maji yanayotembea hayagandi upesi, kwa hiyo katika baridi kali hufungi kabisa mdomo wa mpira hata ukipumzika, unaacha yatiririke. Ukifunga kwa dakika chache tu, una fimbo ya mita 15 isiyokunjika. Mipira iliyoganda ilipakiwa kwenye gari ikiwa imenyooka kama magogo na kurudishwa kituoni ikayeyuke.

Kisha mtu. Maji yanarudi juu yako kama manyunyu, yanatua kwenye koti, yanaganda. Koti linakuwa gamba. Masharubu yanakuwa barafu. Ngazi inavaa kioo kila kipandio. Ndiyo maana katika picha za zamani za mioto ya majira ya baridi ya miji ya uwanda huu, asubuhi yake jengo lililoungua linaonekana kama pango la barafu, na watu mbele yake wamesimama wima mno. Hawakuwa wakijidai. Hawakuweza kukunja viwiko.

Ukipata kumhoji mmoja wa wazee wanaotembeza wageni, usimuulize moto mkubwa aliowahi kuuona. Muulize kuhusu glavu. Utakaa hapo nusu saa.

Kwa nini jengo lina mnara? Ni wa kuchungulia moto?

Watu wengi hudhani hivyo. Kazi yake kubwa ni kuanika mipira.

Mpira wa zamani ulifumwa kwa pamba au katani na kupakwa raba ndani. Ukiuhifadhi mbichi unaoza, na mpira uliooza hupasuka siku ya kazi. Basi baada ya kila moto mipira ilipandishwa kwa kapi mnarani na kuning'inizwa kwa urefu wake wote, maji yakadondoka na hewa ya moto kutoka chini ikapanda kati yake. Katika nchi ya jua ungeitandaza uani ukamaliza. Hapa, nje ya mlango ni nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa hiyo walijenga uani wao kwenda juu.

Hadithi ya nguzo ya kuteleza ni ya kweli, au ni ya sinema tu?

Ni ya kweli, na ina asili nzuri. Mwaka 1878 huko Chicago, katika kikosi namba 21, ambacho wazimamoto wake walikuwa Wamarekani weusi, kapteni wao David Kenyon alitengeneza nguzo ya mbao ya kutelezea kutoka ghorofani. Waliwacheka, mpaka walipoona kikosi hicho kinawatangulia wengine kwenye moto. Baadaye nguzo zikawa za shaba, zikaenea Marekani yote na Kanada.

Mbona hawakutumia ngazi? Walizitumia, lakini vituo vingi viliwekewa ngazi nyembamba za mzunguko kwa sababu ya farasi. Zizi lilikuwa chini, chakula kinapikwa juu, na farasi akinusa chakula hupanda ngazi pana ya kawaida bila taabu. Kumshusha ndiyo kazi.

Farasi walikaa ndani ya kituo kabisa?

Chini ya paa moja na watu. Kengele ikilia, milango ya vyumba vyao inafunguka na farasi, bila kuswagwa, wanatoka wenyewe kwenda kusimama mbele ya gari. Matandiko yalikuwa yananing'inia kutoka darini juu ya nafasi zao. Mtu anavuta kamba, yanawashukia mgongoni, anabana vifungo viwili vitatu, hatamu mkononi, tumetoka. Kikosi kilichozoea kilihesabu jambo hili kwa sekunde.

Nyuma ya farasi, kwenye pampu ya mvuke, kulikuwa na hila nyingine. Boila ya maji baridi huchukua muda kuchemka, na moto haungoji. Kwa hiyo pampu ikiwa kituoni iliunganishwa na tangi la maji ya moto ili boila isipoe kamwe, na ndani ya tanuri vijiti vikavu vimepangwa tayari. Wakitoka mlangoni mtu anatupa kiberiti. Wakifika, mvuke umekwisha jaa. Yaani gari la kuzimia moto lilikwenda likiwaka moto, likimwaga cheche barabarani katikati ya mji wa mbao. Sijui kama kuna aliyeliona hilo kuwa kichekesho wakati ule.

Msimu wa theluji, magurudumu hayasaidii, na zana ziliwekwa juu ya sledi, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu.

Nimesikia moto wa 1904 ukitajwa sana. Ulikuwaje?

Tarehe 11 Oktoba 1904, mwaka uleule ambao kituo hiki kilijengwa, moto ulishika jengo la Bulman katika mtaa wa maghala na kuteketeza pia duka kubwa la vyuma la Ashdown. Maji ya mabomba ya mji hayakuwa na nguvu ya kutosha. Wakaamua kusukuma maji ya mto, yasiyosafishwa, ndani ya mabomba yale yale ambayo wananchi walikuwa wakinywea. Baada ya moto ikafuata homa ya matumbo. Mtu ambaye hakuliona hata moshi aliugua kwa sababu ya moto ule.

Mji ukajifunza kwa gharama. Miaka ya 1906 na 1907 ukajengwa mtambo wa pampu wa James Avenue, kando ya Mto Red, wenye mabomba yake peke yake kwa ajili ya moto tu. Injini zake kubwa za gesi zilitoka kwa Crossley wa Manchester, Uingereza. Sifa yake ilivuka mipaka ya nchi, na bima na wenye maghala wakapumua. Mtambo uliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1986. Kwangu mimi, huwezi kukielewa kituo cha Maple Street bila kuuona huu; vitazame vyote viwili siku hiyohiyo.

Watu walitoaje taarifa kabla ya simu?

Kwa vijisanduku vya kengele kwenye pembe za barabara. Mfumo huu ulianzia Boston mwaka 1852, ukaenea Amerika Kaskazini kwa jina la Gamewell, kampuni iliyoutengeneza na kuuuza. Ndani ya kisanduku kuna springi na gurudumu lenye meno. Unavuta kishikio, gurudumu linazunguka, meno yanakata na kuunga umeme, na kituoni kengele inagonga namba ya kisanduku: kwa mfano mbili, kimya, tatu, kimya, tano. Wazimamoto waliijua mitaa kwa milio. Mtu aliye usingizini anahesabu kengele akiwa bado na macho yamefumba, na mguu wa kwanza ukigusa sakafu anajua anakwenda wapi.

Kwa simu, Winnipeg ina jambo la kujivunia: mwaka 1959, enzi za meya Stephen Juba, ulikuwa mji wa kwanza Amerika Kaskazini kuwa na namba moja ya dharura kwa huduma zote. Namba yenyewe? 999. Mgeni wangu kutoka Mombasa alicheka sana kusikia hivyo, maana kwao ndiyo ileile hadi leo. Huku ilibadilishwa baadaye kuwa 911.

Mioto gani mingine nisikie majina yake kabla ya kwenda?

Mitatu itakutosha. Tarehe 23 Desemba 1926, siku mbili kabla ya Krismasi, Winnipeg Theatre iliungua na wazimamoto wanne wakafa. Huo wazee wa pale wanautaja kwa sauti ya chini, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Tarehe 8 Juni 1954, Time Building kwenye Portage Avenue iliteketea katika upepo mkali, na mji ukaogopa kwamba barabara nzima inakwenda. Na tarehe 22 Julai 1968 liliungua kanisa kuu la Saint-Boniface, ng'ambo ya mto. Utaona kwamba miwili kati ya hiyo ni ya kiangazi. Moto hauna msimu.

Nije na watoto?

Njoo nao. Watoto wakiona gari jekundu hawahitaji maelezo. Uliza kabla ya kuwapandisha juu ya kitu chochote. Baadhi ya vyombo ni vya karne na ushee. Kwa watoto waliotoka kambi za wakimbizi, na hapa Winnipeg tunao wengi kutoka Congo na Burundi, waambie mapema kwamba huenda king'ora au kengele ikapigwa kwa maonyesho. Nimemwona mtoto akijificha chini ya benchi. Mzee aliyekuwa anatutembeza alimaliza mambo kwa kuvua kofia yake na kukaa sakafuni karibu naye, bila kusema neno, mpaka mtoto akanyoosha mkono kuigusa.

Kuna maelezo kwa Kiswahili?

Hapana, ni Kiingereza. Nenda na mtu wa kukutafsiria, au ubaki na macho yako, vingi vinajieleza. Ila jiandae kwa mabishano ya majina. Watanzania watasema zimamoto, Wakongo watasema *pompier*, na kila mtu atadai lake ndilo Kiswahili.

Nivae nini?

Kama unakwenda kati ya Novemba na Machi: suruali mbili, soksi za sufu, buti zenye soli nene, koti refu, kofia inayofunika masikio, na glavu za mfuko mmoja badala ya zenye vidole. Simu iweke ndani ya koti. Betri hufa kwa baridi na utabaki bila teksi. Upepo ndio mbaya kuliko halijoto. Ukisikia utabiri unasema ubaridi wa upepo ni 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika kumi au pungufu.

Ndani utakuta joto. Vaa nguo za kuvulika.

Nikitoka hapo niende wapi?

Rudi kusini na mto hadi James Avenue ukaone ule mtambo wa pampu. Uliachwa ukaoza kwa miaka, mipango mingi ikashindwa, mwishowe wakaujengea ofisi na mgahawa huku mashine zikiachwa mahali pake. Unakula chini yako kuna injini.

Kisha vuka mto kwenda Saint-Boniface. Ukuta wa mbele wa kanisa la mwaka 1908 ungali umesimama peke yake, na pale lilipokuwa dirisha kubwa la mviringo pamebaki tundu la anga. Kanisa jipya, dogo zaidi, limejengwa nyuma ya ukuta huo, na kaburi la Louis Riel, kiongozi wa Wametis aliyeanzisha jimbo la Manitoba, liko uwanjani mbele. Jumapili utawasikia Wakongo na Warundi wakitoka ibadani, Kifaransa mdomo mmoja, Kiswahili mdomo mwingine.

Nimehamia karibuni. Kuna chochote cha kunifaa nyumbani kwangu?

Kipo, na hawa wazee hawachoki kukirudia. Kifaa cha kugundua moshi kikilia betri, badilisha betri, usikitoe. Hita ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, na pazia au godoro lisiikaribie. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama ni ndizi za kuchoma tu na dirisha liko wazi: mkaa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Ondoa theluji mlangoni kwa koleo, na kama kuna haidranti mbele ya nyumba yako, izungushie njia.

Si bora niende kiangazi?

Utaona vitu vilevile, na magari wakati mwingine hutolewa nje juani. Lakini nakushauri Januari, kwa sababu moja. Ukimaliza kuzunguka, ukafunga vifungo vya koti na kutoka kwa ule mlango mkubwa, pumzi ya kwanza itakugandisha vinyweleo vya puani. Vua glavu moja. Simama hapo kando ya Maple Street, mkono mtupu, uhesabu hadi sitini, ukijua kwamba mtu alitoka kwa mlango huohuo saa nane za usiku akiwa anakwenda kulowa.